Jazi ya Shirati, jazi ya Miles: bendi ya roki ikigeukia fyusheni, nini hubadilika?

Mwambie mzee wa Kondele, Kisumu, kwamba vijana fulani waliokuwa wakipiga roki sasa wamegeukia jazi, na huenda akafurahi na kuuliza watapiga wapi Jumamosi. Kichwani mwake tayari gitaa la solo linalia, besi inadunda na watu wamesimama kucheza. Mpe kijana wa Nakuru aliyekulia kwenye roki habari hiyohiyo, naye atanuna: kwake jazi ni saksofoni ya taratibu inayopigwa hotelini wageni wakila. Ukiongeza kwamba si jazi tupu bali ni fyusheni, wa tatu atadakia kuwa anaijua, ni ile ya mwimbaji Suzanna Owiyo. Hakuna aliyekosea kati yao. Ila kila mmoja anazungumzia muziki wake, na bendi yenyewe huenda inapiga wa nne.

Ndiyo maana bendi ya roki ikibadilisha njia, lawama huwa nyingi kuliko maelezo. Wapo watakaosema imewatupa mashabiki, wapo watakaosema imeishiwa nyimbo, na wapo watakaosema inataka kuonekana ya wasomi. Hapa nitafafanua kwanza maneno yenyewe, kisha tuingie ndani ya bendi tuone kinachobadilika kwa mpiga ngoma, mpiga besi, mpiga gitaa na mwimbaji, maana mageuzi yenyewe hutokea huko.

Jazi mbili, jina moja

Katikati ya karne iliyopita bendi nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki zilijiita Jazz. Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, ilikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele tangu 1953 na OK Jazz ya Franco tangu 1956. Tanzania ilikuwa na Tabora Jazz, Western Jazz, na Morogoro Jazz iliyompa Mbaraka Mwinshehe jina. Huku kwetu ziwani akaja D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mpaka, na Shirati Jazz yake, ambayo aliiongoza hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006.

Bendi hizo zilipiga rumba, dansi na benga. Neno Jazz kwenye jina lilikuwa tangazo: sisi ni bendi ya kisasa, tuna magitaa ya umeme, tukifika mtacheza hadi alfajiri. Halikuwa dai kwamba zinapiga muziki wa New Orleans, na hakuna aliyewaelewa hivyo. Kwa hiyo mzee wa Kondele hajakosea hata kidogo. Jazi yake ina haki ya jina hilo kwa zaidi ya nusu karne ya matumizi.

Jazi ile nyingine ilizaliwa na Wamarekani weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1917, ingawa waliopata nafasi hiyo ya kwanza walikuwa bendi ya wazungu, na jambo hilo bado linauma. Nguzo ya muziki huo ni kubuni papo hapo: mpigaji anaanza na wimbo unaojulikana, kisha anatunga sauti mpya palepale jukwaani, mbele ya watu, bila kuzikariri nyumbani.

Hapo ndipo wengi hudhani kubuni papo hapo ni kupiga chochote kinachokujia. Fikiria matatu ya Kisumu kwenda Kakamega. Steji zinajulikana: Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, kisha Kakamega. Steji hizo ndizo kodi za wimbo, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja, ambazo hufuatana kwa mpangilio uleule kila wimbo unapozunguka. Mpiga roki ni dereva anayeshika lami kila siku, kwa mwendo uleule, honi mahali palepale, na abiria wanampenda kwa sababu wanajua kila kona. Mpiga jazi naye lazima afike kila steji, kwa zamu yake na kwa wakati wake. Ila kati ya steji na steji ana ruhusa ya kuchepuka: apite njia ya vumbi, azunguke sokoni, akimbie, atambae. Akichelewa steji au akiiruka, wenzake wanajua, na msikilizaji mwenye sikio anajua. Uhuru huo una saa na una mahali, ndiyo maana huchukua miaka kujifunza.

Roki, kwa upande wake, ilipata umbo Marekani katika miaka ya 1950, kutoka kwenye bluzi na muziki wa dansi wa weusi uliochanganyika na muziki wa mashambani wa wazungu. Uzito wake uko kwenye wimbo: maneno, kiitikio, na kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa hadi kikakukaa kichwani. Sauti ni kubwa kwa makusudi, na umeme wa amplifaya ni sehemu ya ala yenyewe.

Wiki moja ya Agosti

Fyusheni ni pale pande hizo mbili zilipokutana, na ukitaka tarehe ya kushika mkononi, shika Agosti 1969. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 tamasha la Woodstock lilifanyika katika jimbo la New York. Tarehe 16 kundi la vijana kutoka San Francisco lililoitwa Santana, ambalo albamu yake ya kwanza haikuwa hata imetoka, lilipanda jukwaani na kuwasha umati kwa gitaa la roki juu ya ngoma za Kilatini. Tarehe 19, tamasha likiwa limemalizika jana yake tu, Miles Davis, mpiga tarumbeta aliyekuwa tayari bingwa wa jazi, aliingia studio jijini New York. Kwa siku tatu alirekodi albamu ya Bitches Brew, iliyotoka mwaka 1970, akiwa na vinanda vya umeme, gitaa la umeme, wapiga besi wawili na wapiga ngoma zaidi ya mmoja.

Kwa lugha ya matatu yetu, Miles aliondoa karibu steji zote. Badala ya kodi zinazobadilika kila sekunde chache, alikaa juu ya kodi moja au mbili kwa dakika nyingi, barabara ndefu iliyonyooka, na gari likapewa injini kubwa. Watu hushangaa kusikia hivi kwa sababu wamezoea kuambiwa kwamba fyusheni ni muziki wenye hesabu ngumu. Kwenye kodi, fyusheni ya mwanzo ilikuwa nyepesi kuliko jazi iliyoitangulia. Ugumu ulihamia kwenye mdundo, kwenye rangi za sauti, na kwenye uvumilivu wa kujenga wimbo polepole. Hata studio yenyewe ilikuwa ala: mtayarishaji Teo Macero alikata kanda na kuziunganisha upya, kipande cha hapa kikawekwa kule.

Walioketi chumbani humo walitoka na kuanzisha bendi zao. Joe Zawinul na Wayne Shorter wakaunda Weather Report mwaka 1970. Mpiga gitaa Mwingereza John McLaughlin akaunda Mahavishnu Orchestra mwaka 1971. Chick Corea akaja na Return to Forever. Herbie Hancock, aliyekuwa amempigia Miles piano miaka ya 1960, akatoa albamu ya Head Hunters mwaka 1973.

Angalia hao wote walikotoka. Walikuwa watu wa jazi walioisogelea roki. Walijua tayari kuchepuka. Walichohitaji ni umeme na mdundo mzito. Bendi ya roki inayoelekea jazi inasafiri kinyume chake, na safari hiyo ni ngumu zaidi. Ina umeme, ina nguvu, ina mashabiki. Haijui kuchepuka, na mashabiki wake hawakulipa ili ichepuke.

Kabla ya kwenda mbele, tumalize la ile fyusheni ya Suzanna Owiyo, inayoitwa Afro-fyusheni. Huku Kenya neno hilo limetumika kwa wanamuziki wanaochukua nyimbo na ala za jamii zao na kuzivisha magitaa, kinanda na ngoma za kisasa. Suzanna Owiyo wa Nyakach, aliyejulikana sana Kisumu ilipoadhimisha miaka 100 mwaka 2001, ni mmoja wao. Kabla yake kulikuwa na African Heritage Band ya Nairobi, ambamo Ayub Ogada alikuwa mmoja wa waanzilishi kabla ya nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Waluo, kumpeleka duniani. Muziki huo unaweza kuonja jazi, lakini wimbo na maneno hubaki katikati. Katika fyusheni ya jazi wimbo ni mlango tu wa kuingilia.

Ndani ya bendi

Sasa tuchukue bendi ya kawaida ya roki, iwe ya Kisumu au ya Nakuru: gitaa moja au mawili, besi, ngoma, mwimbaji. Inaamua kugeuka. Nani anaumia kwanza?

Mpiga ngoma. Katika roki kazi yake ni kuwa mhimili. Anagonga ngoma ndogo kwenye pigo la pili na la nne, kwa nguvu, na kila mtu anaegemea hapo. Hata shabiki aliye mbali na jukwaa anatikisa kichwa kwa pigo hilo. Katika jazi saa ya muziki imehamia kwenye toazi, linalogongwa kwa wepesi mfululizo, huku ngoma zenyewe zikiachiwa kazi ya kujibu na kuchokoza. Mpiga gitaa akipanda, ngoma inamsukuma, akinyamaza, inajaza, akisitasita, inamwonyesha mlango. Fyusheni inataka vyote viwili kwa wakati mmoja, nguvu za roki na masikio ya jazi, na ni wapiga ngoma wachache sana wanaovipata. Billy Cobham, mzaliwa wa Panama aliyepigia Mahavishnu Orchestra, alivipata, na nusu ya wapiga ngoma waliokuja baada yake walimfuata yeye.

Kisha kuna kuhesabu. Roki nyingi huhesabu nne, nne, nne. Fyusheni hupenda kuhesabu saba, tano, hata tisa. Jaribu mwenyewe hapo ulipo, piga makofi ukitia nguvu kwenye kila moja: moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Rudia bila kusimama. Mara ya kwanza utahisi kama kuna hatua imepotea. Baada ya muda mwili unaielewa na hesabu inaacha kuwa hesabu. Bendi inayoanza kupiga saba huonekana kama inawasumbua mashabiki kwa makusudi, kumbe mara nyingi ni wao wenyewe bado wanahesabu kimoyomoyo, na hofu hiyo husikika hadi nje.

Mpiga besi ndiye anayepata zaidi kuliko anavyopoteza. Katika roki nyingi yeye hufuata gitaa chinichini. Katika fyusheni, ikiwa kodi ni moja kwa dakika kumi, kinachoufanya wimbo usilale ni besi. Anakuwa ndiye anayeamua wimbo unatembea au unakimbia. Ukitaka kujua kama bendi imegeuka kweli au imevaa tu koti jipya, sikiliza besi peke yake kwa wimbo mzima. Ikiwa haijawahi kumjibu mtu, bado ni roki.

Mpiga gitaa ndiye hatari. Ana vidole vyepesi, amezoea kushangiliwa, na fyusheni inamfungulia uwanja mpana. Bendi nyingi hufia hapa. Anadhani jazi ni noti nyingi, basi anamimina noti nyingi, dakika nane, wenzake wakisubiri amalize. Hiyo haijawa fyusheni, ni roki iliyokosa kiitikio. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndilo linalowafanya watu wa Nakuru na Kisumu waondoke wakiamini kwamba jazi ni majigambo. Kasi haina ubaya. McLaughlin alikuwa na kasi ya kutisha. Lakini msikilize akishindana na fidla ya Jerry Goodman na kinanda cha Jan Hammer: kila mmoja anachukua kauli ya mwenzake, anaipindua, anairudisha. Kasi yao ni ya watu wanaosikilizana.

Na mwimbaji? Mara nyingi hubaki amesimama. Hapa ndipo bendi huvunjika, na ni haki kusema wazi kwamba hakuna mwenye kosa. Mtu aliyejiunga kuimba anaambiwa nyimbo saba kati ya kumi hazina maneno. Anafanya nini na mikono yake?

Santana na Clive Davis

Kisa kinachoeleza haya yote vizuri zaidi ni cha Santana wenyewe. Baada ya Woodstock walipaa. Albamu yao ya pili, Abraxas ya 1970, ilifika namba moja Marekani. Ya tatu, ya 1971, ikafika pia. Nyimbo zao zilikuwa redioni kila mahali. Mpiga ngoma Michael Shrieve, kijana aliyekuwa na miaka 20 pale Woodstock, alikuwa akimletea Carlos Santana rekodi za Miles Davis na za mpiga saksofoni wa jazi John Coltrane, na polepole zikamwingia.

Mwaka 1972 wakatoa Caravanserai, iliyotayarishwa na Carlos na Shrieve. Inaanza kwa sauti ya nyenje wa usiku na saksofoni ya mbali, bila gitaa la kukushika shati kama lile la zamani. Kati ya nyimbo kumi, tatu tu ndizo zenye kuimbwa. Clive Davis, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Columbia, hakuwa adui wa jazi, maana Miles alirekodi kwake na Mahavishnu pia. Lakini alimwonya Carlos waziwazi kwamba hakuna wimbo wa redio humo na kwamba anajiua kikazi. Carlos akaitoa vivyo hivyo. Iliingia kumi bora Marekani, jambo ambalo wengi husahau wanaposimulia kisa hiki, ila haikuzaa wimbo mkubwa wa redio, na bendi iliyopanda jukwaa la Woodstock ilikuwa imekwisha. Mwimbaji na mpiga kinanda Gregg Rolie aliondoka pamoja na mpiga gitaa Neal Schon, wakaunda Journey, ambayo baadaye ilikuja kuwa mojawapo ya bendi kubwa za roki Marekani.

Mimi naona Carlos alikuwa sahihi, na naona Rolie alikuwa sahihi. Mmoja alisikia kitu ambacho asingeweza kujifanya hakukisikia. Mwingine alijua kipaji chake ni wimbo, na akakipeleka panapokitaka. Mashabiki huku wakilazimisha mmoja awe msaliti, wanakosa kuona kwamba bendi ni watu kadhaa walioafikiana kwa muda.

Mwaka uliofuata Carlos alitoa albamu pamoja na McLaughlin ya kumuenzi Coltrane. Hapo mtu wa roki na mtu wa jazi walikutana katikati ya barabara.

Uingereza kuna kisa cha Soft Machine, na nitakipitia haraka. Bendi hii ya Canterbury ilianza mwaka 1966 na mwaka 1968 ilizunguka Marekani pamoja na mpiga gitaa Jimi Hendrix. Mwaka 1970 ikatoa Third, sahani mbili zenye nyimbo nne tu, kila wimbo upande mzima wa sahani. Robert Wyatt, mpiga ngoma na mwimbaji, anaimba katika mmoja tu, na hiyo ikawa mara ya mwisho kwa maneno kuwa na nafasi ya maana katika bendi hiyo. Mwaka 1971 akaondoka.

Baada ya visa hivi viwili, ile kauli kwamba bendi hugeukia jazi kwa sababu ya pesa haisimami. Redio inataka dakika tatu au nne. Wimbo wa dakika 18 hauchezwi redioni, hauchezwi kwenye matatu, na hauingii kwenye harusi. Bendi inayofanya hivyo inajua inapunguza watu mbele yake. Unaweza kuilaumu kwa mengine, si kwa tamaa. Kuishiwa nyimbo nako hakuelezi, kwa sababu ni vigumu zaidi kushika watu dakika 18 bila maneno kuliko dakika tatu ukiwa na kiitikio.

Masikio yetu ya huku

Kuna dhana nyingine inayonikera zaidi ya zote: kwamba huu ni muziki wa kigeni ambao mtu wa magharibi mwa Kenya hawezi kuuingia bila kusomeshwa. Tazama kwanza alikochota Herbie Hancock. Katika Head Hunters, mpiga ala za midundo wake Bill Summers anaanza wimbo mmoja kwa kupuliza chupa ya bia, akiiga mtindo wa kupuliza filimbi na kuimba kwa kupokezana wa Wababenzele, watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Wamarekani hao walikuwa wakitazama huku tulipo.

Kisha sikiliza tulicho nacho. Mpiga nyatiti ana nyuzi nane mkononi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogongea ubao wa ala, njuga za gara mguuni, na bado anaimba. Mtu mmoja anashika kazi za watu wanne wa bendi, na midundo hiyo haiendi sambamba, inapishana. Kule Kakamega isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu za ukubwa tofauti. Hakuna ngoma moja yenye mdundo mzima. Mdundo unapatikana zote zikishikana. Mtoto wa Shinyalu aliyekua akisikia hayo hapaswi kutishwa na hesabu ya saba.

Na kuna pakruok. Kwenye sherehe ya Waluo mtu husimamisha wimbo ajitaje, ajisifu, amsifu rafiki, huku muziki ukishushwa chini yake. Mwanamuziki hajui atasema nini wala kwa muda gani. Lazima autunze mdundo, amsikilize, ajibu papo hapo, kisha awarudishe wote kwenye wimbo bila kuanguka. Kazi hiyo ndiyo hasa anayofanya mpiga piano wa jazi nyuma ya saksofoni.

Sitaki kuvuka mpaka hapa na kusema benga ni jazi. Si jazi. Gitaa la benga, waimbaji wakishanyamaza na magitaa yakabaki peke yake, hurudia kauli na kuigeuza kidogokidogo. Haliachi njia, na uzuri wake uko katika kutoiacha, kwa sababu kuna watu wanacheza. Mpiga jazi anaweza kuwapoteza wachezaji dakika mbili akijua atawarudisha. Ni maadili mawili tofauti. Lakini sikio linalongojea magitaa yabaki peke yao, linaloona kwamba hapo ndipo wimbo unapoanza, tayari liko nusu ya njia. Mara nyingi shabiki wa benga huingia kwenye fyusheni haraka kuliko shabiki wa roki, kwa kuwa wa roki bado anasubiri kiitikio.

Orutu pia naitaja, ile fidla ya uzi mmoja ya Waluo. Bendi ya roki ya Kisumu inayotaka fyusheni ina mlangoni pake ala inayolia, inayopanda na kushuka bila vituo, yenye nafasi ileile aliyokuwa nayo Goodman kwenye Mahavishnu. Ningependa sana kusikia hiyo kuliko kusikia nakala nyingine ya McLaughlin.

Ukienda kusikiliza

Usianze kwa kutafuta wimbo. Wimbo wa fyusheni mara nyingi hupigwa mwanzoni kwa muda mfupi, ukaachwa, ukarudi mwishoni. Ushike ule wa mwanzo ili uujue ukirudi. Katikati chagua mtu mmoja umfuate, halafu uangalie nani anamtazama. Wapigaji wa fyusheni hutazamana sana, na jicho la mpiga ngoma litakuambia nani anaongoza wakati huo. Mtu akimaliza zamu yake ya kubuni, ni desturi kumpigia makofi hapohapo wimbo ukiendelea; hutakuwa umevuruga kitu. Kucheza pia ruhusa. Head Hunters ilitengenezwa na watu waliotaka viuno vitikisike.

Kuhusu hotelini, saksofoni ya taratibu inayopigwa watu wakila ni tawi moja dogo lililokuja baadaye, lililolainishwa ili lisisumbue mazungumzo. Anayeihukumu jazi yote kwa hilo hajapata bado kusikia Tony Williams akipiga ngoma. Williams alijiunga na Miles akiwa na miaka 17, na mwaka 1969 akaunda bendi yake, Lifetime, yenye kelele za kushinda bendi nyingi za roki za wakati huo.

Swali la mwisho ambalo mashabiki huuliza kwa huzuni ni kama bendi yao itarudi. Soft Machine hawakurudi. Waliendelea bila maneno, na Wyatt akaenda kutafuta nyimbo zake mwenyewe. Santana walirudi. Kufikia albamu ya Amigos ya 1976 walikuwa wanapiga tena nyimbo za kuimbwa na kucheza, na gitaa la Carlos lilikuwa limebadilika: noti chache, zilizovutwa kwa muda mrefu, kama mtu aliyejifunza kungojea. Mwaka 1999 akatoa Supernatural, iliyouzwa mamilioni na kushinda Grammy ya albamu bora ya mwaka, akiwa na kampuni ya Arista. Aliyemwita huko na kumsimamia alikuwa Clive Davis.